Mkate wa Kisiki cha Kahawa

Disemba iliyopita nilipanda mlimani nyumbani kama tunavyopanda wote mwisho wa mwaka, na kabla sijamaliza kushusha mizigo baba akaniambia anataka mkate wa mahindi. Nikacheka. Nikamwambia, baba, nimekuletea mkate wa siagi kutoka mjini, laini, hata meno hauyahitaji. Akatikisa kichwa. "Nataka ule wa kisiki," akasema. "Kimebaki kimoja. Kiko stoo, nyuma ya madebe."

Rafiki yangu, kicheko kiliniisha palepale. Kaa hapa nikusimulie habari ya huo mkate, ila usinikatize, maana mimi nikikatizwa nasahau nilipofika, na nikisahau nakasirika.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la tano. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Mitumba ilikuwa imeanza kumwagwa sokoni, na maduka ambayo zamani yalikuwa na chumvi na kiberiti tu sasa yalikuwa na kila kitu mpaka sabuni zenye harufu ya maua. Sisi wa mlimani tulivitazama tu, kwa sababu bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka mpaka watu wakaacha hata kuizungumzia baada ya misa. Wazee walikuwa wakisalimiana, wakitazama chini, wakiagana.

Lazima nikueleze jambo moja kwanza. Kwetu mahindi hayakai kihambani. Kihamba ni lile shamba linalozunguka nyumba, ulilorithi na utakalorithisha, na wazee wako wamezikwa humo. Juu kuna migomba, chini ya migomba kuna kahawa. Mahindi ni ya porini, kule tambarare, mtu anashuka asubuhi kuyalima na kupanda jioni na gunia kichwani. Kuotesha mahindi kihambani ilikuwa kama kumfungia mbuzi sebuleni. Watu wangekucheka, na waliokuheshimu wangenyamaza, jambo ambalo ni baya zaidi.

Baba akang'oa kahawa. Alikuwa na watoto watano na mibuni iliyokuwa hailipi hata dawa ya kupulizia. Aliamka Jumatatu moja na shoka na sururu, akaanza na mstari wa nyuma ya nyumba. Bibi, mama yake mzazi, alitoka mlangoni kwake. Nyumba yake ilikuwa hatua ishirini kutoka yetu, ua mmoja. Ile kahawa aliipanda yeye na babu mwaka waliooana, babu akichimba mashimo, yeye akileta maji kwa ndoo kutoka mfongo, ule mfereji wa juu. Babu alikuwa ameshafariki, na kaburi lake lilikuwa palepale mwisho wa mstari.

Bibi hakupiga kelele. Alingoja baba atue shoka apumue, ndipo akasema. Na alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote aliongea na mwanawe kwa Kichagga. Alisema kwa Kiswahili kama mtu anayeongea na mgeni aliyekuja kuuliza njia. "Hindi litakaloota hapo mimi sitalitia mdomoni. Na siku nitakapokosa kingine cha kula, nitaondoka."

Baba aliinua shoka akaendelea. Alipomaliza, siku ya nne, visiki vyote alivipanga nyuma ya banda la ng'ombe na kuvifunika bati kuukuu. Vilikaa hapo. Hakuna aliyewahi kuniambia visiguswe, ila hakuna aliyevigusa.

Tangu siku ile wakawa hawasemezani. Jamani, wewe umewahi kuishi kwenye ua ambao watu wawili hawasemezani? Mimi ndiye nilikuwa redio yao. "Mwambie baba yako mlango wa banda umelegea," anasema bibi, na baba amesimama hapohapo anamsikia. Namgeukia baba: "Baba, bibi anasema mlango wa banda umelegea." "Mwambie nitaukaza." Namgeukia bibi. Mara ya kwanza nilicheka. Mama alinifinya sikio nikaacha, na baada ya hapo sikuona tena cha kuchekesha.

Mahindi yakakomaa. Yalikomaa vizuri, nisiwe mwongo. Nyumbani kwetu tukala ugali, tukala makande, na bibi akawa anapika ndizi zake peke yake. Kisha ukaja upepo mbaya uliolaza migomba chini, karibu yote, na mikungu ikiwa bado michanga. Bibi akaanza kupika ndizi mbili kwa siku. Baadaye moja. Mama akawa ananituma na sahani ya makande imefunikwa, na sahani inarudi kama ilivyokwenda. "Mwambie mama yako aika," ananiambia, yaani asante. "Mwambie nimeshiba." Nilikuwa nalala kwake tangu nilipoachishwa ziwa. Nilikijua chungu chake. Hakikuwa na kitu.

Alhamisi moja, akiwa ananisuka nywele, akaniambia kwamba Jumapili baada ya misa ya kwanza shangazi angekuja kumchukua, akakae naye Rau. "Kwa siku ngapi?" nikauliza. Akaendelea kusuka. Nikaona kikapu chake kikubwa kimeshushwa kutoka ukutani, na ndani yake vitenge viwili vimekunjwa. Wee! Nilimpenda bibi kuliko mama, na mama alijua, na hakunikasirikia kwa hilo.

Jirani yetu, mama mmoja asiyeweza kukaa na neno mdomoni, alishamwambia baba mbele yangu afanye nini. "Chukua jani la sale umpelekee mama yako, mambo yaishe." Sale ni ule mmea wa majani marefu tuliouotesha mpakani badala ya uzio. Ukimkosea mtu, unachuma jani, unalipiga fundo, unampelekea. Na aliyeletewa sale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama moyo wake umejaa nyongo. Baba alimjibu bila kumtazama. "Sale hupelekwa na mwenye kosa. Mimi kosa langu ni nini? Nimelisha watoto."

Basi nikapanga la kwangu. Shuleni mwalimu wa sayansi kimu alikuwa ametufundisha mkate wa mahindi, na mimi niliupata vizuri kuliko wenzangu, aliniambia hivyo mbele ya darasa. Mpango wangu ulikuwa huu: nitaoka mkate kwa mahindi ya kihambani, nitamwambia bibi unga ni wa dukani, atakula. Jumapili asubuhi kabla shangazi hajafika nitamwambia ukweli. Bibi, umeshayala. Ulisema hutayatia mdomoni na umeshayatia. Sasa unaondoka kwa sababu gani? Nilijiona nimemaliza kesi. Akili ya miaka kumi na moja hiyo, usiicheke sana.

Ijumaa baada ya shule nilipanda darini juu ya jiko letu, pale mahindi yanapokaushwa na moshi, nikateremsha kiasi cha kujaza kapu dogo. Niliyapukuchua nimejificha nyuma ya nyumba, vidole vikaniuma mpaka nikawa natumia gunzi tupu kukwangulia hindi jingine. Nikapepeta kwa ungo, nikakimbilia mashine ya kusaga kabla haijafungwa. Unga ulitoka wa moto, nikaufunga kwenye kitambaa na kuukumbatia njia nzima, nikiomba nisikutane na mtu wa kuniuliza.

Jumamosi mama alishuka sokoni. Baba alikwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfongo, ambayo kwa kawaida huwashika wanaume mpaka alasiri. Nilibaki mimi, wadogo zangu waliokuwa wakicheza kwa jirani, na bibi nyumbani kwake, mlango wazi, anapanga vitu vyake kwenye kikapu.

Nilianza. Unga vikombe vitatu kwenye bakuli, chumvi, sukari niliyoiiba kwenye kopo la wageni. Mayai matatu ya kuku wetu, yale yenye kiini cha rangi ya chungwa. Maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu, mazito, nikayapiga kwa mwiko. Samli kijiko. Sasa kwenye kuumulia ndipo nikakwama. Mwalimu alikuwa ametumia magadi meupe ya dukani, ya unga, nusu kijiko. Sisi nyumbani tulikuwa na magadi ya mawe tu, yale ya kulainishia maharage na kupikia kiburu, zile ndizi za kuponda na maharage. Nikavunja jiwe, nikaloweka, nikasubiri uchafu utulie chini, nikamimina maji yake ya juu. Kiasi gani? Sikujua. Nilimimina, nikatazama, nikaogopa mkate utadumaa, nikamimina tena. Rojo likatoa povu na kupanda kwenye bakuli mpaka nikarudi nyuma.

Nikababua jani la mgomba juu ya moto mpaka likalainika, nikalitandika kwenye sufuria, nikamwaga humo. Mkate wa namna hii unaokwa kwa moto wa chini na wa juu: makaa machache chini ya sufuria, mengi juu ya mfuniko. Na makaa ndiyo sikuwa nayo. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Kuni za mgrivea zilikuwa mbichi, zikitoa povu na moshi, na zikiwaka zinageuka majivu upesi kabla hujageuza shingo. Rojo lilikuwa limeshaanza kutulia. Kila mpishi anajua, likishatulia halipandi tena. Nilitoka nje nikizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikitazama huku na kule, na macho yangu yakaangukia lile bati.

Visiki vilikuwa vikavu, vigumu, vizito. Nilichukua viwili. Nasema kweli tupu, sikuwaza chochote. Niliona kuni.

Kahawa inawaka vizuri, aisee. Inatoa makaa mekundu yanayokaa, na moshi wake si kama wa mti mwingine, una utamu fulani mkavu. Nikapanga makaa chini, nikapanga juu ya mfuniko, nikachuchumaa kuhesabu dakika. Moshi ukatoka mlangoni, ukatanda uani.

"Nani anachoma kahawa?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Sikumsikia akija. Alitazama moto, akatazama kile kipande cha kisiki kilichobaki, chenye mizizi upande mmoja. Uongo wangu wote nilioupanga ulikuwa wa unga. Wa kuni sikuwa nao.

"Ni mimi, bibi."

"Amekutuma."

"Hajanituma. Ni mimi mwenyewe, nilikuwa nataka—"

"Amekutuma uchome kahawa ya babu yako, nami bado nipo hapa." Alisema polepole, bila hasira, nami ningeshukuru kama angenichapa. Akageuka. Nikamfuata hadi mlangoni, nikamwona anaingia kwake na kutoka na kikapu, ameshavaa viatu vyake vya kanisani. Hakuwa anangoja Jumapili. Nikamshika kitenge. "Bibi, nisubiri! Bibi, mkate wako!" Akabandua vidole vyangu kimoja kimoja.

Hapo ndipo baba alipotokea njiani, amerudi mapema, na jembe begani, matope mpaka magotini. Alisimama ghafla pale penye sale. Akainua pua. Kisha akatupa jembe chini na kukimbia, sijawahi kumwona baba akikimbia, akapita mbele yetu kama hatuoni, mpaka nyuma ya banda. Tukasikia bati likitupwa. Akarudi, uso umebadilika, akaja moja kwa moja kwangu.

"Nani amekwambia uguse kahawa ya baba yangu?"

Alisema kwa Kichagga, kwa sauti ambayo naamini waliisikia mpaka kwenye mfongo. Mkono ulikuwa juu. Nilifumba macho nikangoja. Kofi halikuja. Nilipofumbua, mkono ulikuwa bado juu, na baba alikuwa analia. "Nilikuwa navitunza," akasema. "Kila mvua ikinyesha naenda kutazama kama vimelowa. Nilikuwa navitunza, we mtoto, nimeshindwa kuvichoma, nimeshindwa kuvitupa." Ni kweli. Nilikuwa nimemwona mara nyingi akisogeza lile bati wakati wa mvua. Nilidhani anaogopa kuni zisilowe.

Bibi alikuwa amesimama na kikapu mkononi. Alimtazama mwanawe kwa muda, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. Kisha akanigeukia.

"Nenda mpakani. Chuma jani la sale."

Nilikimbia. Kwa haraka yangu nikararua majani mawili kabla ya kupata moja zima. Niliporudi akaniambia nilipige fundo. Nikalipiga. "Umechoma kahawa ya baba yake," akasema. "Mpelekee."

Nikapiga magoti kwenye matope, nikamnyoshea baba lile jani. Nikasema nisamehe, baba. Alilitazama kwa muda mrefu, na mimi magoti yakaanza kuuma, lakini alijua na mimi nilijua kwamba hana ruhusa ya kukataa. Akalipokea kwa mikono miwili.

Sasa akawa amebaki nalo. Amesimama katikati ya ua, mwanamume mzima mwenye matope, ameshika jani la sale lenye fundo, na mama yake amesimama mbele yake na kikapu. Kutoka jikoni harufu ya mkate ikaanza kuwa kali, nami sikuthubutu kusogea. Baba akatazama ule mstari wa nyuma ya nyumba, mabua ya mahindi yaliyokauka, na kaburi la babu kule mwisho. Akashusha pumzi. Kisha akaenda mbele hatua nne, akapiga magoti palepale nilipokuwa nimepiga mimi, na kumnyoshea bibi jani lilelile.

"Na mimi nimeng'oa ya mumeo," akasema. "Nisamehe, mama."

Bibi alimwacha angoje. Loh, yule mama! Alimwacha mpaka nikadhani atakuwa mtu wa kwanza mlimani kwetu kukataa sale. Ndipo akaweka kikapu chini, akalipokea, akalichomeka kwenye kilemba chake. Akasema kwa Kichagga, na hilo lilikuwa neno la kwanza la Kichagga kumwambia mwanawe tangu siku ya shoka: "Inuka, mkate unaungua."

Ulikuwa umeungua upande mmoja. Tulikaa jikoni sisi watatu, nikaukata, nikatoa vipande visivyo vyeusi. Ndani ulikuwa wa rangi ya njano inayoelekea kijani, kwa sababu ya yale magadi, na ulikuwa umepanda vizuri. Bibi alikichukua kipande chake na kukipeleka mdomoni, na hapo nikashindwa kuvumilia. "Bibi, usile! Unga ni wa hapahapa. Ni mahindi ya kihambani. Nilitaka kukudanganya." Alinitazama kwa jicho moja. "Unadhani sikukusikia jana ukipukuchua?" Akatafuna. Akatafuna taratibu, na baba amesimamisha kikombe cha chai mkononi anamtazama. Akameza.

"Magadi yamezidi," akasema, akachukua kipande cha pili.

Hakwenda Rau. Shangazi alikuja Jumapili akala mkate uliobaki, akalalamika kwamba ana njaa ya safari na hakuna chakula cha maana. Ila bibi aliweka sheria. Vile visiki visioze wala visichomwe ovyo. Vichomwe kwa mkate ule tu, kisiki kimoja kwa siku moja, na wote waliopo waule. Tukawa tunaoka siku za ubatizo, siku za kufaulu mitihani, siku ambazo bibi aliamka tu akasema leo. Nilioka siku moja kabla ya kuolewa. Niliendelea kuzidisha magadi kwa makusudi ili aseme lile neno lake, naye alilisema kila mara, na kila mara baba alicheka. Alipofariki tulimzika kando ya babu, na tukaacha kuoka. Hakuna aliyeamua hivyo, tuliacha tu.

Basi ndiyo hiyo Disemba. Nilikitoa kile kisiki stoo, kimejaa utando wa buibui, chepesi sasa. Niliwasha moto uani kwa mafiga matatu, kwa sababu jiko la zamani limevunjwa na hili jipya lina gesi. Unga nilinunua kwenye pakiti. Nilipanga makaa chini na juu, nikachuchumaa, na magoti yangu si yale ya darasa la tano.

Baba siku hizi haoni vizuri. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake ukutani, koti limefungwa mpaka shingoni. Moshi ukamfikia. Akainua pua vilevile kama siku ile.

"Nani anachoma kahawa ya baba yangu?"

"Ni mimi, baba," nikasema. "Nisamehe."

"Sale liko wapi?" Alikuwa anatabasamu, lakini mkono alikuwa ameunyosha kweli, kiganja wazi, anangoja. Nikageuka kutazama mpakani. Pale palipokuwa na sale sasa kuna ukuta wa matofali, mdogo wangu aliujenga, una vipande vya chupa juu. Makaburi yamewekwa vigae. Mahindi yenyewe hayapo tena, kuna nyumba mbili za kupangisha. Nilizunguka ua mzima kwa macho na sikupata hata jani moja.

Nikafunua sufuria, nikakata kipande kikiwa bado cha moto, nikakipuliza, nikamwekea kwenye kile kiganja. Alikipapasa, akaelewa ni nini, akakila polepole kwa fizi zake.

"Magadi yamezidi," akasema.

Sikumwambia kwamba magadi sikuweka hata chembe.